Kompyuta ndogo ya tachi kwa mtoto anayesafiri: mzazi apime nini kabla ya kutoa fedha

Septemba inapokaribia kwisha, familia yenye kijana aliyepata nafasi ya chuo huandika orodha. Godoro, ndoo, pasi, shuka, nauli, ada ya kujisajili. Chini kabisa ya orodha hiyo siku hizi hukaa kitu ambacho peke yake kinaweza kula fedha kuliko vyote vilivyotangulia: kompyuta mpakato. Kijana akiulizwa anataka ya namna gani, jibu huwa tayari mdomoni. Anataka ndogo, nyepesi, ya kuingia kwenye begi la mgongoni, na iwe ya tachi.

Hayo si matakwa ya kudeka. Mtoto anayepanda basi mara nne kwa mwaka, anayehama hosteli, anayetembea kutoka ukumbi mmoja wa mihadhara hadi mwingine, kilo moja ikipungua begani anaiona. Lakini mzazi naye huongeza sharti lake: isiwe ya bei kubwa. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu nyepesi, ya tachi na ya bei nafuu ni mambo yanayovutana. Mtengenezaji anayelazimika kuuza kwa bei ya chini lazima abane mahali, na habani kwenye kioo, kwa kuwa kioo ndicho mnunuzi anachokigusa dukani. Anabana kule ambako mkono haufiki: kumbukumbu, hifadhi, betri na bawaba.

Chukulia binti anayekwenda kusoma ualimu Dodoma akitokea Songea. Wazazi wameuza mahindi yaliyokuwa yamewekwa kusubiri bei, na fedha iliyopatikana inatosha mashine moja tu. Shahada yake ni ya miaka mitatu. Mashine hiyo ikifa mwaka wa pili, hakuna mahindi mengine ya kuuza, na bumu likiingia lina matumizi yake tayari. Atakuwa mtu wa kuazima, akiandika ripoti yake ya mafunzo ya kufundisha usiku wa manane, mwenye kompyuta akiwa amelala. Kwa familia kama hiyo, swali la tachi au si tachi linakuwa dogo. Kubwa ni kama kitu kilichonunuliwa kitafika siku ya mahafali.

Tachi inafanya kazi gani hasa

Watanzania wengi wamezoea kugusa kioo kikubwa. Sensa ya Agosti 2022 iliendeshwa kwa vishikwambi, na baada ya zoezi hilo vingi vikagawiwa walimu. Simu janja ndiyo kompyuta ya kwanza ya karibu kila kijana. Kwa hiyo mtu akikaa mbele ya kompyuta isiyogusika, kidole chake huenda kwenye kioo chenyewe bila kufikiri.

Kwenye safari tachi ina faida za kweli. Ndani ya basi, kiti cha mbele kikiwa kimelazwa hadi magotini, hakuna nafasi ya kutandaza viwiko na kutumia kipanya. Mashine inayokunjwa nyuma kabisa ikawa kama kishikwambi inashikika kwa mkono mmoja, na notsi za PDF zinasomwa kwa kusukuma kurasa kwa kidole gumba. Mwanafunzi wa hisabati au fizikia anaweza kuandika milinganyo kwa mkono badala ya kupigana na alama kwenye kibodi. Wazazi wenye watoto wadogo nao wanajua jinsi mtoto wa miaka mitano anavyofundishika herufi kwenye kioo anachogusa kuliko kwa kipanya.

Ila kwenye kuandika kalamu kuna mtego. Si kila kioo kinachogusika kinapokea kalamu halisi ya kuandikia. Ile kalamu yenye ncha ya mpira inayouzwa pamoja na vifuniko vya simu inafanya kazi ya kidole tu. Kiganja kikigusa kioo, mistari inatapakaa. Kama kijana anataka tachi kwa ajili ya kuandika kwa mkono, muuzaji atoe kalamu ya mashine hiyo na aandike nayo palepale, kiganja kikiwa kimelala juu ya kioo. Akisema kalamu ipo ila itaagizwa, ichukuliwe kwamba haipo.

Na kazi kubwa ya chuo, tusidanganyane, ni kuchapa. Insha, ripoti, andiko la utafiti, majedwali. Hapo vidole vinakaa kwenye kibodi, na kunyanyua mkono kila mara kugusa kioo kunachosha bega. Wengi walionunua kwa ajili ya tachi hurudi kwenye kipanya ndani ya wiki chache, na tachi inabaki ya kuonyeshea picha.

Gharama yake haiishii kwenye bei ya kununua. Kioo cha tachi kwa kawaida kinang'aa, na mwanga wa dirisha la basi ukikipiga, msomaji anaona uso wake badala ya maandishi. Kinaongeza uzito kidogo na kula umeme kidogo. Kinapovunjika ndipo tofauti inapoonekana zaidi. Kwenye mashine ya kawaida fundi anabadilisha skrini peke yake, lakini nyingi za tachi zina skrini na kioo vilivyogandishwa pamoja, vinanunuliwa kama kipande kimoja, na kipande hicho kwa mashine ya bei nafuu kinaweza kukaribia nusu ya thamani ya mashine yenyewe au zaidi. Mzazi mwenye busara anamuuliza fundi wa mjini kwake bei ya kioo cha modeli ile kabla ya kuinunua, siyo baada.

Uzito upimwe kwenye mzani

Neno “nyepesi” dukani halina kipimo. Mashine ndogo za inchi 11.6 zilizotengenezwa kwa ajili ya shule za nje, kama Lenovo Yoga 11e au HP ProBook x360 11, ambazo huletwa huku zikiwa zimetumika, zinaonekana kama daftari lakini zina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Zimejengwa hivyo makusudi, zina mpira pembeni ili zivumilie kuangushwa na watoto. Kwa upande mwingine, ThinkPad X280 ya inchi 12.5, iliyotengenezwa kwa watu wa ofisini mwaka 2018, ina kilo moja na kidogo tu ingawa ni pana zaidi. Udogo na wepesi ni vitu viwili. Anayetaka uhakika aiweke kwenye mzani wa sukari wa duka la jirani, pamoja na chaja yake, maana kuna mashine ya kilo moja inayokuja na chaja nzito kama tofali.

Kwa anayepanda ndege, mashirika mengi huruhusu mzigo wa mkononi wa kilo 7. Hapo kila nusu kilo ina maana. Kwa basi au treni uzito ni suala la bega tu, na umbo ndilo la kupima.

Siku hizi kuna vishikwambi vinavyouzwa kama kompyuta kwa kuongezewa kibodi inayochomolewa. Microsoft ilipotoa Surface Go mwaka 2018, ilikuwa na inchi 10 na uzito wa gramu 522, na bei ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 399. Bei hiyo haikuwa na kibodi. Kibodi ilinunuliwa peke yake, na ikaongeza uzito wa karibu robo kilo. Anayekuta kishikwambi cha aina hii kimetumika, kinauzwa bei nzuri bila kibodi, aitafute kibodi kwanza ndipo arudi kulipa.

Vishikwambi hivyo vina udhaifu mwingine ambao dukani hauonekani, kwa sababu dukani kuna meza. Husimama kwa mguu mdogo unaofunguka nyuma, na kibodi yake ni laini kama jalada la kitabu. Mezani vinakaa vizuri. Mapajani, ndani ya basi linalopinda milima ya Kitonga, mguu ule unateleza, kibodi inakunjika, na kishikwambi kinaangukia miguuni. Mashine yenye bawaba ngumu na kibodi isiyochomoka inakaa mapajani bila shida. Anayenunua kwa ajili ya safari aketi kwenye benchi la duka, aweke mashine mapajani, achape aya nzima. Muuzaji atashangaa kidogo, lakini si yeye atakayesafiri nayo.

Safari zetu zina vumbi na mitikisiko pia, na hapo hizi mashine ndogo zina sifa yake. Nyingi hazina feni, hivyo hazivuti vumbi ndani. Hifadhi zake hazina kisahani kinachozunguka, tofauti na kompyuta za zamani ambazo mtikisiko wa barabara ya changarawe ungeweza kuharibu diski ikiwa inafanya kazi. Barabara ya vumbi ikiwa ndefu, mashine isiyo na feni ni rafiki mzuri.

Namba mbili zinazoamua maisha ya mashine

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kuna nyongeza ya muda mfupi ya masasisho ya usalama kwa wanaojiandikisha, lakini mlango umeshafungwa. Kompyuta itakayomhudumia mwanafunzi kwa miaka mitatu ijayo inapaswa kuwa inakubaliwa na Windows 11, na hapa ndipo mashine nyingi za tachi za bei ya chini zinapokwama. Surface Go ile ya kwanza haimo kwenye orodha ya Windows 11. Yoga 11e na ProBook x360 za miaka ya mwanzo hazimo pia.

Mafundi wanajua njia ya kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubaliwa, na muuzaji ataionyesha ikiwaka vizuri. Ni kweli itawaka. Lakini Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine kama hiyo, na mzazi anayelipa fedha ya mahindi hana sababu ya kununua kitu kisicho na ahadi.

Njia rahisi ya kujua ni kusoma jina la prosesa. Kwenye mashine ndogo za Intel jina huanza na herufi N. Celeron N3350 na N3450 hazimo. N4000, N4020 na N4100 zimo. N100, iliyotoka mwaka 2023, ni mpya kuliko hizo na ina kasi ya kuridhisha kwa mashine ya aina hii, ingawa namba yake ni ndogo. Kwa zile za Core, kizazi huandikwa mara baada ya kistari, kama 8 kwenye i5-8250U: kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu, kwa kawaida Windows 11 inakubali. Jina hilo halisomwi kwenye stika, kwani stika hubandikwa na kubanduliwa. Mashine ikiwa imewaka, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance, na prosesa, RAM na hifadhi zote zitaonekana kwa majina yake.

Hapo hapo isomwe RAM. Microsoft inataka angalau GB 4 kwa Windows 11, na kima cha chini ni cha kuwashia tu. Kivinjari chenye kurasa sita, Word na mkutano wa video vikifunguliwa pamoja kwenye GB 4, mashine inaanza kuhema. GB 8 ndiyo saizi ya mwanafunzi. Kwenye mashine nyembamba RAM huwa imechomelewa kwenye bodi, hivyo kauli ya “utaongeza baadaye” iulizwe kwa fundi, maana mara nyingi hakuna pa kuongezea.

Hifadhi ina hadithi kama hiyo. Mashine za bei ya chini hutumia hifadhi iitwayo eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko SSD na imechomelewa vilevile. Zilipotoka zile za GB 32, kama ASUS Transformer Book T100 ya mwaka 2013, watu walifurahia bei. Windows yenyewe ikachukua sehemu kubwa, kilichobaki kikajazwa na masasisho, na mwishowe sasisho jipya likikosa nafasi linagoma. Windows 11 inadai GB 64 kwa uchache. Kwa mtu atakayeweka video za mihadhara, GB 128 ndipo pa kuanzia.

Umeme wa njiani

Matangazo husema saa 10, saa 12. Kwa mashine mpya, skrini ikiwa imefifizwa, inawezekana. Hesabu ya kweli ni rahisi na mzazi anaweza kuifanya mwenyewe. Betri hupimwa kwa wati-saa, zinazoandikwa Wh chini ya mashine. Mashine ndogo isiyo na feni, mtu akichapa na kusoma, inaweza kula kama wati 6. Betri ya Wh 37 ikigawanywa kwa 6 inatoa saa sita na kidogo.

Kwa iliyotumika, maandishi ya chini yanasema ilivyokuwa ikiwa mpya. Hali ya leo inajulikana kwa kufungua dirisha la amri la Windows na kuandika powercfg /batteryreport. Mashine inatengeneza ripoti yenye ujazo wa awali na ujazo wa sasa. Kama Wh 37 zimeshuka hadi 22, zile saa sita zimekuwa tatu na nusu, na bei nayo ishuke. Wauzaji wengi hawapendi amri hii. Ndiyo sababu ya kuijua.

Jambo jingine la umeme ni tundu la chaji. Mashine inayochajiwa kwa USB-C ina thamani ya pekee kwa msafiri: chaja ikisahaulika Songea, Dodoma itapatikana nyingine, hata ya kuazima. Ile yenye tundu la duara la kampuni moja inamtegemea mwenye chaja hiyo hiyo. Lakini kuwa na tundu la USB-C si uthibitisho, kwa kuwa baadhi ya matundu hayo hupitisha data tu. Chomeka uone kama taa ya chaji inawaka.

Pawabenki pia inaweza kuchaji kompyuta ya namna hiyo, ila siyo zile za simu zinazotoa wati 10. Inatakiwa inayotoa wati 30 au 45. Pawabenki ya 20,000 mAh ina takriban Wh 74, hivyo ipo chini ya kikomo cha Wh 100 kinachotumika kwenye ndege, na inabebwa kwenye mzigo wa mkononi, kamwe siyo kwenye sanduku linalokwenda chini. Kompyuta yenyewe ni vilevile. Na kwenye basi isiwekwe kwenye buti, hata konda akisema begi ni kubwa.

Chromebook zilizotoka shuleni

Miongoni mwa mashine za tachi zenye bei ya kuvutia sokoni ni Chromebook, nyingi zikiwa zimetumika shule za Marekani na Ulaya. Hazitumii Windows, zinatumia mfumo wa Google. Kwa uwezo mdogo wa ndani zinakimbia vizuri kuliko Windows ingekimbia kwenye vifaa vilevile. Lenovo Duet ya mwaka 2020, kishikwambi cha inchi 10.1 kilichouzwa pamoja na kibodi yake, ni nyepesi na inatosha kusoma, kuandika barua pepe na kuangalia mihadhara.

Kuna mambo mawili ya kuchunga. La kwanza ni tarehe ya mwisho ya masasisho, ambayo kila Chromebook inayo. Mwaka 2023 Google ilitangaza kuongeza muda huo hadi miaka 10 kwa zilizotoka kuanzia 2021. Miaka hiyo inahesabiwa tangu modeli ilipotoka, siyo tangu siku ya kununua Kariakoo. Tarehe yenyewe imeandikwa ndani ya mashine, kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo kuhusu ChromeOS. Iliyobakiwa na mwaka mmoja si nafuu hata ikiuzwa bei ya simu.

La pili ni kufuli la shule. Chromebook iliyosajiliwa na shule hubaki kwenye daftari la shule hiyo hadi waitoe. Muuzaji anaweza kuionyesha ikiwa imefunguka kama mgeni, kila kitu kikicheza. Ikifutwa na kuanzishwa upya, inarudi kudai akaunti ya shule ambayo mnunuzi hajawahi kuisikia. Dawa ni moja: muuzaji aifute hapo hapo, iunganishwe na intaneti ya simu ya mzazi, na mtoto aingie kwa akaunti yake ya Gmail mwenyewe. Ikikataa, mjadala umekwisha. Hata mashine za Windows zilizotoka ofisini ziwashwe upya na kuangaliwa kama hazina nywila ya BIOS, maana kuna zinazokuja nazo.

Halafu kuna somo lenyewe. Mwanafunzi atakayetakiwa kutumia SPSS kwa utafiti wake, au programu za uhandisi na uhasibu za Windows, hawezi kuziweka kwenye Chromebook kama anavyoziweka kwenye Windows. Kwa binti wa ualimu anayeandika zaidi kuliko anavyokokotoa, Chromebook inaweza kufaa, alimradi ajifunze mapema kuziweka nyaraka zake zipatikane bila intaneti. Bando likiisha katikati ya pori la Iringa na Dodoma, nyaraka zilizo mtandaoni ni kama hazipo.

Dukani

Ukaguzi wa dakika ishirini unatosha, na ufanywe na mtoto mwenyewe, mzazi akiwa pembeni na fedha mfukoni. Kwa tachi, ifunguliwe programu ya kuchora, kisha kidole kichore mistari kutoka ukingo hadi ukingo, wima na mlalo, mpaka kioo kijae. Mstari ukikatika mahali pamoja kila mara, pale pamekufa. Kisha mashine iachwe bila kuguswa dakika tano. Kishale kikiruka au programu zikijifungua zenyewe, kioo kina kasoro, na kasoro hiyo huzidi joto linapopanda.

Bawaba ijaribiwe kwa kuikunja polepole hadi mwisho, sikio likiwa karibu. Mlio wa kukwaruza au pembe inayoachana si jambo la kusema itazoea. Skrini iguswe katikati. Ikitikisika kama bango kwenye upepo, tachi hiyo itakuwa kero kila siku. Kisha kibodi, kitufe kimoja kimoja, pamoja na herufi zenye kuandikwa sana: a, i, n, k, w. Kiswahili kinachakaza sana kitufe cha a. Kamera, spika, matundu yote, na Wi-Fi kwa kuunganisha hotspoti ya simu.

“Mama, hii imetoka Dubai, haijaguswa,” muuzaji atasema. Labda. Kauli hiyo haiwekwi kwenye faili, risiti ndiyo inayowekwa. Risiti ya EFD iandikwe modeli na namba ya utambulisho ya mashine, na muda wa waranti uandikwe kwa mkono na kupigwa muhuri kama haumo. Mwezi mmoja wa waranti wa maandishi una nguvu kuliko mwaka mmoja wa mdomo.

Fedha ikiwa moja, achukue ipi

Kwa binti wa Songea, akipata mashine ya inchi 11.6 inayokunjika, yenye N4020 au zaidi, RAM ya GB 8, SSD ya GB 128 na betri iliyobakiwa na zaidi ya robo tatu ya ujazo wake, anunue na afurahie tachi yake. Zipo, ila hazijai. Kilichojaa ni za GB 4 na GB 64, prosesa ya N33 kwenda chini, kioo kinang'aa.

Kama fedha inaishia hapo kwenye zilizojaa, ushauri ni kuiacha tachi. Kwa kiasi hicho hicho, au kwa kuongeza kidogo, mara nyingi zinapatikana mashine za ofisini zilizotumika za inchi 12.5 au 13.3, kizazi cha 8 cha Core i5, GB 8 za RAM na SSD ya kweli. ThinkPad X280 ni mojawapo. Dell Latitude 7390 na HP EliteBook 830 G5 ni za rika hilo. Nyingi kati ya zinazopatikana hazigusiki, ila ni nyepesi, zina kibodi nzuri ya kuchapa, zinachajiwa kwa USB-C, na mafundi wanazifahamu. Kijana atanuna siku mbili. Kwa kugusa kioo bado ana simu yake.

Mambo ni tofauti kwa mzazi anayesafiri mwenyewe kikazi na tayari ana kompyuta nyumbani: mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou kuonyesha sampuli na kupokea oda, au afisa ugani anayejaza fomu shambani akiwa amesimama. Hao kazi yao ni kuonyesha na kugusa, kuchapa ni kidogo. Kwao kishikwambi chenye kibodi, hata cha uwezo wa wastani, kinafaa kuliko mashine ya ofisini ya kizazi chochote.

Fedha kidogo iachwe kwa ajili ya mfuko laini wa kuivalisha, kwani mashine ya kioo isiyo na mfuko ikibanwa na chupa ya maji kwenye begi haimalizi muhula. Inunuliwe na flashi ya kunakilia kazi kila Ijumaa. Kabla ya safari Windows isasishwe kwa intaneti ya uhakika, kisha kwenye mipangilio ya Wi-Fi chaguo la Metered connection liwashwe kwa hotspoti ya simu, la sivyo masasisho yatameza bando la mwezi kwa usiku mmoja. Na namba ya utambulisho ya mashine ipigwe picha, picha moja ibaki kwenye simu ya mama na nyingine kwenye simu ya baba, maana siku mashine ikipotea stendi, polisi watakachouliza kwanza wakiandika taarifa ya upotevu ni hiyo namba.